Kufikia ruta za matawi kupitia seva ya usimamizi bila kuacha mlango wazi

Ruta za matawi huku magharibi mwa Kenya mara nyingi huwa katika hali moja kati ya mbili. Ama poti 8291 ya Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik) imeachwa wazi kwa dunia nzima ili fundi aliye Kisumu aifikie, ama ruta inatumia laini ya 4G, imejificha nyuma ya NAT ya kampuni ya simu (wateja wengi hushiriki anwani moja ya umma), na haifikiki mpaka mtu apande matatu hadi Busia au kivuko cha Luanda Kotieno hadi Mbita. Ya kwanza ni hatari, ya pili ni gharama. Dawa yake ni moja: fundi asibishe hodi kwenye tawi, bali tawi lenyewe liipigie seva ya usimamizi na kuiacha njia hiyo ikiwa hai. Fundi naye apitie kwenye seva hiyo, basi.

Anayedhani poti ya Winbox haina shida mradi nenosiri ni gumu akumbuke 2018. Udhaifu uliopewa namba CVE-2018-14847 uliwawezesha wavamizi kuisoma faili ya watumiaji wa ruta bila kuingia kabisa, kwa hiyo ugumu wa nenosiri haukusaidia kitu. Marekebisho yalitoka Aprili mwaka huo katika toleo 6.42.1, lakini ruta nyingi hazikusasishwa na ziliendelea kutekwa kwa miezi.

Hapa tunatumia ruta za MikroTik, seva ya Debian 12 na handaki la WireGuard (njia iliyosimbwa kati ya mashine mbili kupitia intaneti). Swichi za Cisco na wenzake zitaingia baadaye kidogo.

Seva iwekwe wapi, na ruta iwe ya namna gani

Seva haihitaji nguvu. Kiini kimoja cha prosesa, RAM ya GB 1 na diski ya GB 20 vinatosha kwa matawi kadhaa. Unaweza kukodi seva ya mtandaoni, au kutumia kompyuta ndogo ofisini ikiwa ofisi ina anwani ya IP ya umma isiyobadilika. Ya kukodi ni bora. Stima ikipotea mtaani kwenu au faiba ikikatwa na wachimba barabara, seva iliyo ofisini huzimika wakati uleule unapohitaji kujua matawi yana hali gani. Ukilazimika kuiweka ofisini, ipe UPS pamoja na ruta inayoihudumia. UPS ya seva peke yake ni pesa ya bure.

Ruta iwe na RouterOS (mfumo endeshi wa MikroTik) toleo la 7, kwani toleo la 6 halina WireGuard. Angalia kwa `/system resource print`, na hapo hapo utazame nafasi iliyobaki ya hifadhi: ruta nyingi ndogo zina MB 16 tu, na sasisho hugoma nafasi ikijaa. Futa faili za zamani chini ya `/file` kwanza. Kuhama kutoka 6 kwenda 7 kufanywe mtu akiwa tawini, kisha utoe `/system routerboard upgrade` na kuiwasha ruta upya. Usifanye hivyo kwa mbali saa kumi jioni ya Ijumaa.

Hatua ya 1: Panga anwani kabla ya kugusa kifaa

Kazi hii ni ya kalamu na karatasi, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Mfano:

- Seva: 10.77.0.1
- Ruta za matawi: 10.77.0.11 Busia, .12 Mumias, .13 Bondo, .14 Mbita
- Laptopu za mafundi: 10.77.0.201 hadi .220
- Mtandao wa vifaa ndani ya kila tawi: 10.20.11.0/24 Busia, 10.20.12.0/24 Mumias, na kuendelea

Mstari wa mwisho ndio watu huuruka. Ruta mpya ya MikroTik huja na 192.168.88.0/24, na kila tawi likibaki hivyo, seva haitajua 192.168.88.2 ni swichi ya Busia au ya Bondo. WireGuard hairuhusu anwani moja kuwa ya wenza wawili (peer, yaani mashine za upande wa pili wa handaki): ukiiandika kwa wa pili, wa kwanza ananyang'anywa kimya kimya, bila ujumbe wowote wa kosa. Tawi lililokuwa likifikika jana halifikiki leo, na hakuna aliyeligusa. Badilisha mitandao ya ndani mapema, kabla printa na kamera hazijapewa anwani za kudumu.

Sasa angalia anwani ambayo ruta inapata upande wa intaneti, kwa `/ip address print`. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, au kati ya 100.64 na 100.127, au 192.168, basi uko nyuma ya NAT. Hilo halitakuzuia, maana ruta ndiyo itakayoanzisha mazungumzo.

Hatua ya 2: Tayarisha seva

Katika mifano, 203.0.113.10 ni anwani ya umma ya seva, weka yako. Ingia kama root:

```
apt update && apt install wireguard nftables rsyslog tcpdump
cd /etc/wireguard
umask 077
wg genkey | tee seva.key | wg pubkey > seva.pub
```

`umask 077` huhakikisha faili ya ufunguo wa siri inasomwa na root pekee. Ufunguo wa siri hautoki kwenye mashine ulikozaliwa: haupigwi picha, hautumwi WhatsApp. Kinachosafiri ni ule wa umma tu.

Andika `/etc/wireguard/wg0.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (yaliyomo katika seva.key)

[Peer]
# Busia
PublicKey = (ufunguo wa umma wa ruta ya Busia)
AllowedIPs = 10.77.0.11/32, 10.20.11.0/24

[Peer]
# laptopu ya fundi1
PublicKey = (ufunguo wa umma wa laptopu)
AllowedIPs = 10.77.0.201/32
```

Washa kwa `systemctl enable --now wg-quick@wg0`. Baadaye ukiongeza tawi, usizime na kuwasha upya, kwa sababu utawakata walioko kazini. Tumia amri hii, na kwa kuwa haiongezi njia (route) ya mtandao wa ndani wa tawi jipya, iongeze mwenyewe kwa `ip route add`:

```
wg syncconf wg0 <(wg-quick strip wg0)
```

Kuna jambo moja ambalo miongozo mingi hulikosea. Watu huambiwa wawashe `net.ipv4.ip_forward` kwenye seva. Hapa usiiwashe, iache kwenye 0. Hatutaki pakiti zitoke laptopu moja kwa moja hadi kwenye ruta, wala ruta ya Mumias iweze kuigusa ya Bondo. Kompyuta yenye virusi katika tawi moja isipate njia ya kuyafikia mengine. Fundi ataingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kutoa amri kwa mbali), na seva yenyewe ndiyo itakayofungua muunganisho hadi kwenye kifaa.

Hatua ya 3: Funga milango ya seva

Kwanza laptopu ya fundi. Weka programu ya WireGuard, tengeneza jozi ya funguo humo humo, kisha:

```
[Interface]
PrivateKey = (wa laptopu)
Address = 10.77.0.201/32

[Peer]
PublicKey = (wa seva)
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.77.0.1/32
PersistentKeepalive = 25
```

AllowedIPs iwe ya seva peke yake. Ukinakili mfano wenye 0.0.0.0/0, intaneti yote ya laptopu itaingia handakini na kufia kwenye seva, kwani seva haipitishi pakiti za wengine.

Hakikisha `ping 10.77.0.1` inajibu na unaweza kuingia kwa SSH kupitia anwani hiyo. Ndipo uweke kanuni za fayawoli, `/etc/nftables.conf`:

```
flush ruleset
table inet filter {
  chain input {
    type filter hook input priority 0; policy drop;
    iif "lo" accept
    ct state established,related accept
    meta l4proto ipv6-icmp accept
    icmp type echo-request accept
    udp dport 51820 accept
    iifname "wg0" ip saddr 10.77.0.201-10.77.0.220 tcp dport 22 accept
    iifname "wg0" udp dport 514 accept
  }
  chain forward {
    type filter hook forward priority 0; policy drop;
  }
}
```

Kabla ya kuipakia, tega mtego wa kukuokoa ukijifungia nje:

```
systemd-run --unit=okoa --on-active=5min /usr/sbin/nft flush ruleset
nft -f /etc/nftables.conf
```

Fungua dirisha jipya na ujaribu kuingia. Ukifaulu, zima mtego kwa `systemctl stop okoa.timer`, kisha `systemctl enable nftables`. Ukishindwa, subiri dakika tano, kanuni zitajifuta. Dirisha la zamani lisikudanganye: muunganisho uliokuwapo tayari huendelea kuishi hata kama kanuni mpya zingemkataa anayeanza upya.

Kisha SSH yenyewe, katika `/etc/ssh/sshd_config.d/usimamizi.conf`:

```
PasswordAuthentication no
PermitRootLogin no
AllowGroups mafundi
AllowAgentForwarding no
AllowTcpForwarding local
X11Forwarding no
```

Kila fundi awe na akaunti yake kwenye seva, ndani ya kundi `mafundi`, na ufunguo wake. Akaunti moja ya wote humaanisha kwamba siku kanuni ikifutwa hakuna atakayejulikana. Kagua kwa `sshd -t` kabla ya `systemctl restart ssh`. Kosa la herufi moja kwenye faili hii huiangusha huduma nzima. Handaki likikataa kabisa, njia ya kurudi ni skrini ya dharura katika tovuti ya mwenye seva. Ijaribu leo ukiwa umetulia, na nenosiri lake ulihifadhi mahali pasipotegemea seva hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Ruta ya tawi

Ukiwa ndani ya ruta, bonyeza Ctrl+X kwanza. Alama ya `<SAFE>` itatokea kwenye mstari wa amri. Muunganisho ukikatika ghafla, ruta itarudisha kila ulichobadilisha tangu hapo, ingawa huenda ikachukua hadi dakika 9 kutambua kwamba umepotea. Ukiridhika, bonyeza Ctrl+X tena ili mabadiliko yakae, Ctrl+D huyatupa. Hali hii hukumbuka vitendo 100 tu. Ukibandika amri nyingi kwa mkupuo, inajizima na kinga yote inaondoka, kwa hiyo fanya kazi kwa vipande.

```
/interface wireguard add name=wg-usimamizi listen-port=13231 mtu=1420
/ip address add address=10.77.0.11/24 interface=wg-usimamizi
/interface wireguard peers add interface=wg-usimamizi \
  public-key="(wa seva)" endpoint-address=203.0.113.10 \
  endpoint-port=51820 allowed-address=10.77.0.1/32 \
  persistent-keepalive=25s
/interface wireguard print
```

Amri ya mwisho inakuonyesha ufunguo wa umma wa ruta, ule unaoupeleka kwenye wg0.conf ya seva. Sekunde 25 za keepalive (pakiti ndogo za kuiweka njia hai) ni za lazima kwenye 4G: bila hizo NAT ya kampuni ya simu huisahau njia yako baada ya muda mfupi, na seva haina namna ya kuirudisha. Wanaohesabu data wasiogope. Pakiti hizo pamoja na kubadilishana funguo kila baada ya dakika mbili hazifiki MB 20 kwa mwezi.

Fayawoli ndiyo inayowasumbua wengi. Usanidi wa kiwandani una kanuni inayotupa kila pakiti isiyotoka LAN (mtandao wa ndani wa tawi), na ukiongeza kanuni yako huenda chini yake, isikoguswa na pakiti hata moja. Iweke juu:

```
/ip firewall filter add chain=input action=accept \
  in-interface=wg-usimamizi src-address=10.77.0.1 \
  protocol=tcp dst-port=22,8291 comment="usimamizi" \
  place-before=[find where comment~"not coming from LAN"]
```

Dalili ya kusahau hili ni bayana: ping inajibu vizuri, SSH inaning'inia. Ping hupita kwa sababu usanidi huo wa kiwandani unaruhusu ICMP, itifaki ya ping, kutoka popote. Fundi huona ping na kuamua tatizo ni funguo za SSH, akazibadilisha mchana kutwa.

Funga huduma zisizotumika na uzibane zilizobaki:

```
/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl
/ip service set ssh address=10.77.0.1/32
/ip service set winbox address=10.77.0.1/32,10.20.11.0/24
/ip ssh set strong-crypto=yes
```

Kama mtoa huduma wako hutumia API (mlango wa programu nyingine kuiamrisha ruta) kwa mfumo wa malipo ya hotspoti, usiizime kwa pupa. Ibane kwa anwani ya mfumo huo. Winbox kutoka LAN tunaiacha ili mtu aliye tawini aweze kuokoa jahazi kwa kebo.

Akaunti za ruta pia ziwe za mtu mmoja mmoja. Pakia ufunguo wa umma wa fundi kwenye `/file`, kisha:

```
/user add name=fundi1 group=full password="(refu, la pekee)"
/user ssh-keys import public-key-file=fundi1.pub user=fundi1
```

Matoleo ya zamani ya RouterOS hukataa funguo za ed25519. Tengeneza RSA ya biti 4096 kwa ajili ya ruta na ubaki na ed25519 kwa seva. Jua pia kwamba ukishaingiza ufunguo, ruta kwa kawaida haimkubalii tena mtumiaji huyo kuingia kwa nenosiri kupitia SSH. Winbox bado hutumia nenosiri. Ukithibitisha kwamba fundi1 anaingia, ndipo `/user disable admin`.

Hatua ya 5: Saa ya ruta

Sehemu hii isome polepole, maana ndiyo inayofanya handaki lililokuwa likifanya kazi wiki nzima lifariki mara tu stima inapopotea na kurudi.

Kila mara ruta inapoomba handisheki (salamu ya mashine ya kufungua handaki, si ya wanasiasa), huweka muhuri wa saa ndani ya ombi. Seva hukumbuka muhuri wa mwisho iliouona na hulitupa ombi lolote lenye muhuri wa nyuma ya huo, ili mtu asinase ombi la zamani na kulirudia. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya saa. Stima ikirudi, ruta huamka ikiamini bado ni wakati uliopita, inatuma ombi, seva inalinyamazia. Hakuna ujumbe wa kosa upande wowote.

Kwa hiyo ruta ipate saa kutoka intaneti moja kwa moja, nje ya handaki:

```
/system clock set time-zone-name=Africa/Nairobi
/system ntp client set enabled=yes
/system ntp client servers add address=pool.ntp.org
```

Usiipangie ipate saa kutoka 10.77.0.1. Handaki linangoja saa, saa inangoja handaki, na zote zitangojana hadi ufike Busia mwenyewe. Thibitisha kwa `/system ntp client print`. Hali iwe `synchronized`. Jina likishindwa kutafsiriwa kuwa anwani, angalia `/ip dns`.

Likikutokea kabla hujarekebisha, kuna njia ya upande wa seva: mwondoe mwenza na umrudishe. Seva itausahau ule muhuri wa mwisho na kulipokea ombi linalofuata.

```
wg set wg0 peer "(ufunguo wa Busia)" remove
wg syncconf wg0 <(wg-quick strip wg0)
```

Hatua ya 6: Kuingia kwa kweli

Kwenye laptopu, faili `~/.ssh/config`:

```
Host seva
  HostName 10.77.0.1
  User fundi1
  IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519

Host busia
  HostName 10.77.0.11
  User fundi1
  IdentityFile ~/.ssh/ruta_rsa
  ProxyJump seva

Host busia-swichi
  HostName 10.20.11.2
  User fundi1
  ProxyJump seva
```

Sasa `ssh busia` inatosha. ProxyJump huacha funguo zote kwenye laptopu. Seva hupitisha tu mawasiliano yaliyofungwa ambayo yenyewe haiwezi kuyasoma. Usitumie `ssh -A` kama njia ya mkato, wala usihifadhi funguo za ruta ndani ya seva. Seva ikitekwa, mvamizi asikute bunda la funguo likimngoja.

Anayependa Winbox afungue njia kwa `ssh -L 8291:10.77.0.11:8291 seva`, kisha aielekeze Winbox kwenye 127.0.0.1.

Swichi iliyo nyuma ya ruta isipojibu, sababu ya kwanza ya kutazama ni kwamba haina geti la kutokea. Swichi nyingi hupewa anwani ya IP na kuachwa hivyo. Zinajibu majirani wa LAN lakini hazijui pa kurudisha jibu la 10.77.0.1. Iwekee geti kuwa anwani ya ruta. Swichi kuukuu za Cisco zinaweza pia kukujibu `no matching key exchange method found`. Ruhusu mbinu ya zamani kwa kifaa hicho pekee, chini ya Host yake:

```
  KexAlgorithms +diffie-hellman-group1-sha1
  HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
```

Usiziweke chini ya `Host *`, utakuwa umedhoofisha kila muunganisho kwa sababu ya swichi moja iliyostahili kustaafu. Na kabla ya kubadilisha chochote hatari kwenye Cisco, andika `reload in 10`: ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika kumi na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa. Mambo yakienda sawa, `reload cancel`, kisha hifadhi. Ukihifadhi kabla ya kujaribu, umeua maana yote ya kinga hiyo.

Mara ya kwanza kuingia, SSH itakuonyesha alama ya utambulisho wa kifaa. Ilinganishe na uliyoiandika ulipokuwa tawini. Siku ukiona `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED`, usikimbilie kuifuta. Uliza kwanza: je, ruta imebadilishwa au imerudishwa kiwandani? Kama jibu ni ndiyo na unamjua aliyefanya hivyo, `ssh-keygen -R 10.77.0.11`. Kama hakuna anayejua, ishughulikie kama uvamizi.

Handaki likikataa

Anza kwenye seva na `wg show`. `latest handshake` ikiwa chini ya dakika mbili au tatu, handaki liko hai na tatizo liko kwingine. Ikiwa haipo au ni ya zamani, sikiliza waya:

```
tcpdump -ni eth0 udp port 51820
```

(Jina la kadi huenda si eth0, `ip link` itakuambia.) Ombi la handisheki lina urefu wa baiti 148, jibu baiti 92. Usipoona chochote kutoka tawini, ruta haina intaneti, au anwani ya seva imekosewa, au kuna anayezuia UDP njiani. Ukiishuku hiyo ya mwisho, jaribu poti nyingine. Ukiona 148, 148, 148 kila baada ya sekunde tano hivi bila 92 hata moja, seva inapokea lakini inakataa: ufunguo wa umma umenakiliwa vibaya, au ni ile saa. Ukiona 148 na 92 zikifuatana bila kikomo, jibu linatoka lakini haliifikii ruta.

Kuna ugonjwa mwingine wa kuchanganya: unaingia, unaandika amri fupi, inajibu, unaandika `/export` na skrini inaganda. Pakiti kubwa hazipiti. Pima kutoka kwenye seva:

```
ping -M do -s 1392 10.77.0.11
```

1392 na baiti 28 za vichwa ni 1420 kamili. Isipopita, punguza namba hadi ipite, ongeza 28, na hiyo ndiyo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kuweka pande zote mbili. Kwenye 4G na PPPoE, 1380 mara nyingi hutosha. 1280 ni ya kukata mzizi wa fitina.

Njia ya pili na logi

Kwa matawi ya mbali, hasa ya ng'ambo ya ziwa kama Mfangano, weka modemu ya 4G yenye laini ya kampuni tofauti na ile ya njia kuu, na njia yake iwe na `default-route-distance=2`. WireGuard haijali ruta ikihamia anwani nyingine; seva hufuata pakiti halali ya mwisho ilikotoka. Ila kumbuka kebo inaweza kuonekana hai huku intaneti nyuma yake imekufa, hivyo njia kuu iwe na `check-gateway=ping`, na ikiwezekana ipime anwani iliyo mbali zaidi ya geti la kwanza. Laini ya akiba nayo huisha data au hufungwa isipotumika. Izime njia kuu kwa makusudi mara moja kwa mwezi, ukiwa ndani ya hali ya `<SAFE>`.

Logi zitoke kwenye ruta ziende kwenye seva, maana za kwenye ruta hufutika ikizimika:

```
/system logging action set remote remote=10.77.0.1
/system logging add topics=account action=remote
/system logging add topics=critical action=remote
```

Kwenye seva, ondoa alama za `#` mbele ya mistari miwili ya `imudp` katika `/etc/rsyslog.conf` na uiwashe upya huduma. Utaona nani aliingia wapi na saa ngapi. Watumiaji wote huonekana wakitokea 10.77.0.1, ndiyo sababu majina ya mtu mmoja mmoja kwenye ruta si anasa.

Ukihudumia wateja, pata ruhusa yao kwa maandishi inayotaja vifaa gani na nani ataviingia. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 huhesabu kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa, hata kama nia yako ilikuwa kusaidia.

Fundi akiondoka

Mpangilio huu unalipa hapa. Anza na handaki, kwa sababu hapo unamkata kila mahali kwa mara moja, kisha akaunti ya seva, kisha ruta moja moja bila haraka:

```
wg set wg0 peer "(ufunguo wa laptopu yake)" remove
pkill -KILL -u fundi1
usermod -L -e 1 fundi1
rm /home/fundi1/.ssh/authorized_keys
```

Amri ya kwanza humwondoa sasa hivi tu. Futa pia sehemu yake ndani ya wg0.conf, la sivyo atarudi seva ikiwashwa upya. Kwenye kila ruta, `/user remove fundi1`, kisha badilisha nenosiri lolote la pamoja alilolijua, pamoja na lile la Wi-Fi ya ofisi: kutoka LAN ya tawi, Winbox bado inafunguka.